Mlima Tulioupandisha Kinyume

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu zimenifikia zote, hata ya yule aliyeandika "shkmo" kwenye simu kana kwamba irabu zimeadimika Arusha nzima. Mmeniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kuchoma vigae na kuvipanga kwenye kuta za watu, kwa kuwa sasa nimestaafu na magoti yangu yamegoma. Mkasema niweke mafanikio. Mafanikio yapo ukutani, nendeni mkayatazame, hayahitaji msaada wangu. Mimi nitawaandikia kosa moja. Na msije mkadhani ni kosa dogo la fundi anayejidai mnyenyekevu. Hili langu lilipigiwa makofi na mgeni rasmi.

Kwanza mjue nilivyoingia. Nyie mafundi wa leo mmeisomea kazi hii, mna vyeti. Mimi niliingia kwenye sanaa kwa sababu ya uji. Nilikuwa mama wa watoto wawili, naishi Olasiti, nawapikia chai na chapati mafundi wa karakana moja ya vigae vya mkono. Siku moja nikamkuta fundi mkuu, Mzee Shaban, anakoroga uji wa ngano wa kubandikia vigae kwenye karatasi. Ulikuwa umejaa madonge kama maharage. Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, huo hata mgonjwa haunywi."

Akanitazama, akanipa mwiko. "Haya, Mama Neema. Tuonyeshe."

Nikakoroga, ukalainika. Kesho yake akaniita tena, na keshokutwa tena. Nilianza na mwiko wa kupikia, na baada ya muda akanikabidhi mwiko wa kujengea. Lugha yetu ilikuwa imeshaamua kwamba ni kitu kimoja. Watu wakiniuliza kipaji changu kiligunduliwa lini, huwa nasema utotoni, maana naona wanapenda hivyo.

Mzee Shaban, wazazi wake walitoka Tanga, yeye akazaliwa hapa hapa mjini, mitaa ya zamani. Ujana wake wote alisakafia terazo kwenye nyumba za watu, na magoti yake yalikuwa meusi, magumu kama soli. Hakuwa mtu wa sifa. Ukifanya vizuri, alikaa kimya. Ukikosea, alikaa kimya vilevile, ila alivua kofia. Karakana nzima tuliishi tukiiangalia ile kofia.

Ndiye aliyenifundisha shavu. Udongo tuliufuata bondeni Nduruma, tukauchanganya na unga wa vigae vilivyovunjika, tuliokuwa tunautwanga kwenye kinu. Kigae kikishakatwa, kinaanikwa kivulini mpaka kikauke. Sasa utajuaje kimekauka? Macho yatakudanganya. Kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji ndani, na maji yakipata moto hayaombi ruhusa. Mwaka wangu wa kwanza niliona aibu kuweka udongo shavuni mbele ya wanaume. Nikapakia tanuri kwa kutazama tu. Vilikuwa vigae vya akina mama wa kwaya ya usharika wetu, kila mmoja ameandika jina lake kwa mkono wake. Vilipasuka humo ndani kama bisi. Jumapili ile nilikaa benchi la mwisho kabisa, na kwaya iliimba ikinitazama mimi.

Jambo jingine kabla sijasahau: msiache karatasi iliyobandikwa vigae nje kama kuku wapo. Uji wa ngano ni chakula. Kuna shule moja kuku walikula anga lote, wakaacha miti na watoto. Tulipowafukuza, vigae vya bluu vilikuwa vimetapakaa uwanjani, na jogoo alikuwa anafuta mdomo kwenye jua.

Haya, sasa kosa lenyewe.

Nyie leo mnageuza picha kwa kidole kwenye simu. Sisi tuliigeuza kwa akili, na akili huchoka. Picha kubwa huwezi kuipanga ukutani kigae kwa kigae huku saruji inakukaukia. Unaipanga mezani. Unachora kwenye karatasi ya kaki, unabandika vigae kwa uji, uso chini, mgongo juu. Uji ukikauka, mnabeba karatasi nzima, mnaigandamiza kwenye saruji mbichi, karatasi ikiwa nje. Saruji ikishashika, unailowesha karatasi kwa sponji, inabanduka kama ngozi ya nyoka, na uso wa vigae unajitokeza. Mmeona mtego ulipo? Kilichokuwa kulia mezani, ukutani kiko kushoto. Kwa hiyo mchoro wa mezani lazima uchorwe kinyume.

"Ni kama kanzu," Mzee Shaban alikuwa akisema. "Inashonwa ndani nje. Fundi anayetaka kuuona uzuri wakati anashona, ataivaa aibu."

Tuliitwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko juu, upande wetu huu wa kusini wa Meru, katikati ya migomba na kahawa. Ukuta wa mbele ulikuwa mrefu na mtupu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Eliakimu, mwalimu mstaafu aliyetembea na rula ya mbao kwenye mfuko wa koti, kwa ajili ya kupima vitu ambavyo hakuna aliyemwomba apime. Wanakijiji walikubaliana tuuchore mlima Meru, na kila nyumba itengeneze kigae kimoja cha kuujenga. Tulikaa nao wiki kadhaa chini ya turubai, watu wakaja na mikono yao. Wakachora mkungu wa ndizi, tawi la kahawa, ng'ombe, Biblia. Mzee mmoja akachora trekta, ingawa nyumbani kwake hakuna hata toroli. Mwalimu alishauri kila mtu aandike namba ya nyumba yake ili kazi iwe na mpangilio. Wakamwitikia kwa heshima, wakaendelea kuchora ng'ombe.

Mtu mmoja tu alikataa. Ni Koko Anasia. Huku kwetu koko ndiye bibi, na huyu alikuwa koko wa kijiji kizima. Alipopelekewa udongo aliurudisha.

"Nichore mlima gani?" akauliza. "Huo wenu? Mimi nimezaliwa Ngarenanyuki, upande wa pili. Nimeletwa huku kuolewa nikiwa msichana, sijarudi. Tangu siku hiyo nautazama mgongo wake."

"Koko," Mwalimu akasema kwa upole wa darasani, "upande wa mbele ndio huu wetu."

"Nani kakwambia?"

Mwalimu akashika rula yake. Hakukuwa na cha kupima.

Kuchora ilikuwa kazi yangu. Mzee Shaban siku hizo alikuwa ameniachia mchoro, yeye anashughulika na saruji na timazi. Juu ya mlima kulikuwa na maneno AFYA YETU. Maneno niliyageuza vizuri sana. Niliazima kioo cha kunyolea, nikayasoma kinyumenyume mpaka nikaona kizunguzungu. Mlima sikuugeuza. Niliuchora kama ninavyouona kila asubuhi nikitoka mlangoni: ubavu wa kushoto unapanda taratibu, kilele kinachongoka, ubavu wa kulia umebomoka na kushuka ghafla. Herufi ikigeuka inapiga kelele, kila anayejua kusoma anaisikia. Mlima ukigeuka unabaki kuwa mlima. Tena ni kitu tunachokiona kila siku, na kitu cha kila siku hakitazamwi.

Vigae vyote vilikuwa vimeshabandikwa, uji umekauka, saruji imekorogwa inasubiri. Mzee Shaban akaniuliza, "Umegeuza?"

"Nimegeuza, mzee."

Wakati nasema hivyo nilikuwa nawaza maneno. Naapa. Lakini mdomo wangu haujafunga vizuri, nikaukumbuka mlima. Nikaangalia meza: ng'ombe wa watu, kahawa ya watu, trekta la yule mzee, vyote vimelala uso chini mahali pake, na wanakijiji wamesimama wanatabasamu. Nikajiambia, nani atajua?

Mzee Shaban aliinama juu ya karatasi, uso karibu kabisa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mchoro kutoka mwanzo hadi mwisho. Akainuka. "Haya. Tupandishe."

Nikafikiri: amekagua mwenyewe, akapitisha. Basi si langu peke yangu. Mtu mwenye kosa, wanangu, hupenda sana kampani.

Siku ya kuvua karatasi, wanakijiji walipiga vigelegele. Ulikuwa ukuta mzuri, siwafichi. Mwalimu Eliakimu peke yake hakupiga makofi. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huu," akasema, "umegeuka."

"Umegeukaje?" watu wakauliza.

"Tokeni nje ya uzio mtazame wenyewe."

Watu wakatoka kuutazama mlima. Mlima haukuwepo. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Wakasema tusubiri kesho. Kesho ikawa vilevile, na keshokutwa vilevile. Mnajua Meru ikiamua kujifunika. Kwa hiyo kijiji kikaanza kubishana kwa kumbukumbu. Watu waliozaliwa chini ya mlima ule, wakazika wazazi wao chini yake, wakawa wanachuchumaa mavumbini na vijiti, kila mmoja anachora wake. Wengine bomoko lilikuwa kulia, wengine kushoto. Mama mmoja hakuwa na bomoko kabisa. Mwanamume mmoja aliyejiamini kuliko wote alichora Kilimanjaro.

Mwalimu akakata shauri. Mgeni rasmi anakuja keshokutwa, kijiji hakiwezi kuonekana hakijui mlima wake. Vigae vivunjwe, ukuta upakwe rangi, yaishe. "Ila kwanza tujue," akasema, "nani aliyekosea?"

Nilikuwa nimeshika sponji. Nikaanza kuikamua.

Mzee Shaban akavua kofia. Safari hii hakuwa ananivulia mimi. "Ni mimi," akasema. "Nilikagua kabla hatujapandisha. Sikuona."

Sponji ilikuwa imekauka zamani, lakini niliendelea kuikamua. Niliona ni ukarimu wake. Nikasema moyoni, mzee ananikinga, kama mkubwa anavyomkinga mdogo wake. Ukarimu wa namna hiyo ukiutazama kwa jicho moja, unapendeza.

Mzee Shaban akanipa nyundo na tindo, tuanze kuvunja. Nikaweka tindo kwenye ukingo wa kushoto, na chini yake palikuwa na kigae cha trekta. Mwenye trekta alikuwa amesimama nyuma yangu. Alivua kofia, kama msibani.

Hapo ndipo Koko Anasia akaingia getini. Alikuja kupimwa presha, si kutazama sanaa. Akatembea taratibu na fimbo yake, akainua macho, akasimama.

"Nani alikwenda kwetu?" akauliza.

Watu wakamgeukia.

"Nauliza, nani alikwenda Ngarenanyuki akauchora? Ndio huu. Huu ndio niliokuwa nauona nikichota maji kwa mama yangu." Akaishika khanga yake kifuani. "Jamani. Mmeniletea mlima wangu."

"Koko, huo umekosewa," Mwalimu akasema. "Tunauvunja."

Koko akaangalia nyundo mkononi mwangu. Kisha akaenda akaketi kwenye benchi lililokuwa chini ya ukuta, akaegemeza mgongo kwenye vigae. "Haya. Anayevunja aanze na mimi."

Hakuna sheria ya kijiji inayosema namna ya kumwondoa bibi wa umri ule kwenye benchi la zahanati. Muuguzi alimpimia presha pale pale alipoketi, akasema imepanda, asisumbuliwe. Kamati ikakaa kwenye majani, ikajadiliana muda mrefu. Waliporudi, sura ya Mwalimu ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na mwanga wa mtu aliyepata wazo.

Siku ya uzinduzi alisimama mbele ya mgeni rasmi, akaeleza kwamba kamati, kwa makusudi, iliamua kuuonyesha mlima kwa macho ya ndugu zetu wa upande wa pili, kama ishara ya umoja. Mgeni rasmi akasema hajawahi kuona ubunifu kama huo. Akapiga makofi. Mwalimu naye akapiga makofi, kwa nguvu, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Koko Anasia alikuwa ameomba udongo siku ileile ya ugomvi. Alichora mlango wa nyumba ya mama yake, tukauchoma haraka, tukaupachika chini, karibu na benchi.

Asubuhi iliyofuata mawingu yaliondoka. Mlima ulisimama wazi kabisa, bomoko liko kulia, kama lilivyokuwa siku zote. Hakuna aliyetoka nje kuutazama.

Baada ya hapo mambo yangu yalinyooka. Niliitwa Ngaramtoni, karibu na soko, wakataka "ule mtindo wa Mama Neema". Niliitwa mashuleni, niliitwa kwenye hoteli. Mzee Shaban hakuitwa, kwa sababu alikuwa ameacha. Wiki moja tu baada ya uzinduzi alinikabidhi timazi yake, pima maji yake na koleo lake la kukatia vigae, vyote vimefungwa kwenye khanga ya mkewe.

"Macho yangu yameisha," akasema. "Nimekuwa naficha. Mlima mzima umepita chini ya pua yangu, sikuuona. Leo mlima, kesho nitaua mtu kwa ukuta."

Nikamwambia, "Pole, mzee." Maneno mawili. Yalikuwepo mengine, nayajua yote, hata leo naweza kuyapanga kwa mstari.

Miaka ikaenda. Hiyo ndiyo miaka mnayoisifia.

Ndipo Koko Anasia akasema anataka kwenda kwao kabla hajafa. Mjukuu wake akaazima gari, na koko akasema yule mama wa vigae naye aje, kwa kuwa ndiye anayeujua mlima. Nikaenda, nikambebea begi. Tukazunguka mpaka Ngarenanyuki, na asubuhi hiyo hapakuwa na wingu hata moja. Tukamshusha. Akasimama na fimbo yake, akautazama mlima muda mrefu sana.

"Wameuharibu," akasema.

"Nani, koko?"

"Sijui. Nilipoondoka haukuwa hivi. Hili bomoko lilikuwa dogo. Na kale kamlima kadogo pembeni kamesogea." Akatikisa kichwa. "Ule wa zahanati ndio wenyewe. Huu umechoka."

Akalia kidogo, kimya kimya, akifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alikuwa anaulilia mlima.

Pale ndipo niliposhindwa. Mzee mmoja ameyalaumu macho yake, mzee mwingine ameulaumu mlima, na mwenye kosa amesimama katikati, kabeba begi. Nilimweleza koko palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ni mtoto mzuri, lakini hukuwepo wakati ule," akageuka kuwasalimia ndugu zake.

Kwa Mzee Shaban haikuwa rahisi hivyo. Nilimkuta kibarazani kwake, kofia kichwani, redio inaongea. Nikapiga magoti, nikasema yote. Kwamba mchoro ulikuwa wangu. Kwamba nililijua kosa kabla karatasi haijainuliwa. Kwamba nilidhani ananikinga.

Akazima redio.

"Nikukinge?" akasema. "Mama Neema, mimi nilidhani ni mimi. Nilipitisha kidole, nikasema sawa, na ulikuwa umegeuka. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mzee."

"Ungesema, tungeubandua mezani. Siku tatu za kazi."

"Ndiyo, mzee."

Kofia hakuivua, na hilo lilinitisha kuliko kama angeivua. Kisha akasema, "Nipeleke kwa ile kamati."

Tukapanda kijijini. Nilimshika mkono, maana sasa macho yalikuwa yameharibika kweli. Kamati ilikuwa imekaa kujadili paa la zahanati, na Mwalimu Eliakimu bado alikuwa mwenyekiti, rula mfukoni. Nikasimama nikaeleza: ukuta ule ulikosewa, nilikosea mimi, na fundi huyu alibeba lawama isiyo yake.

Mwalimu alinisikiliza kwa uso wa huruma. "Kosa lipi, Mama Neema?" akauliza. "Ule ulikuwa uamuzi wa kamati. Uko kwenye muhtasari. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa wazo."

Niliwatazama wajumbe. Wote walikuwepo siku zile za mavumbi na vijiti. Wote walitikisa vichwa kumuunga mkono, na naamini hawakuwa wanadanganya. Walishaisikia hotuba ile mara nyingi, kwa wageni wengi.

Mzee Shaban akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya Mwalimu. "Kama hapakuwa na kosa," akasema, "mimi niliacha kazi kwa nini?"

Mama mmoja alianza kumimina chai.

Nikasema, "Kwa sababu nilinyamaza, mzee."

"Sema kwa sauti."

"Kwa sababu mimi, Mama Neema, nilijua nikanyamaza."

Mzee Shaban akaitikia kwa kichwa. "Hilo liandikwe," akamwambia katibu.

Katibu alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama chai. Halikuandikwa. Ndiyo maana nimeliandika mimi hapa.